Daktari Akikuuliza Hali, Usijibu "Nzuri"

Wengi wetu tunaomaliza mwaka huu tutaanzia shule binafsi huku tukisubiri ajira za serikali. Wengine likizo hii hii watashika vibarua kwenye viwanda vya minofu ya sangara hapa mjini, maana bumu huisha lakini tumbo haliishi. Ni wachache wanaouliza kabla ya kusaini: nikiumia hapa, nani atanilipa? Mimi nimelijua jibu kwa kuzunguka. Mwaka jana nilishinda miezi kadhaa na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, tukifuatilia karatasi baada ya mashine ya kuchuna ngozi ya samaki kumkata vidole viwili vya mkono wa kulia.

Kwa Tanzania Bara, anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Sheria yake ilitungwa 2008 na Mfuko ukaanza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia sheria iliyorithiwa kwa mkoloni, ambayo ukomo wake wa fidia kwa ulemavu wa kudumu ulikuwa shilingi 108,000. Si kwa mwezi, bwana. Jumla. Siku hizi mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukikuta umekatwa mchango huo kwenye mshahara wako, uliza.

Ukiumia kazini unatibiwa. Usipoweza kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwalimu wa laki sita, kwa mfano, atapata 420,000 kwa mwezi. Hapo hakuna ugumu sana. Ugumu unakuja kidonda kikishapona na kiungo kisirudi kama zamani. Ndipo daktari anafanya tathmini ya ulemavu na kuandika asilimia. Ikiwa ni 30 au chini yake, unalipwa mkupuo, mara moja basi. Ikizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo malipo yanavyopanda. Kwa hiyo 28 na 32 zinaonekana zimepishana alama nne tu, lakini mmoja anapewa fedha na kuagwa, mwenzake anaendelea kulipwa.

Sasa hiyo namba inatoka wapi? Haitoki kichwani kwa daktari. Viungo vingine vimewekewa kiwango kwenye jedwali la sheria, na yanayobaki yanapimwa kwa kuangalia mwili wenyewe, kusoma kumbukumbu za matibabu na kukusikiliza. Sisi tunaosomea ualimu tunalielewa hili vizuri: msahihishaji anatoa alama kwa kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtihani, hata kama anajua kabisa kwamba mwanafunzi huyu ana akili.

Karatasi ya kaka ilianza vibaya. Siku ya ajali alikimbizwa zahanati ya karibu, akashonwa, na cheti kikaandikwa maneno matatu: "jeraha la mkono". Hakikusema mkono upi, mashine gani, saa ngapi, wala kwamba alikuwa zamu. Msimamizi wake naye akamwambia, "Pumzika wiki mbili, tutaangalia." Hakuna fomu iliyojazwa. Wiki mbili zikawa miezi miwili. Tulilazimika kurudi zahanati kuomba kumbukumbu iandikwe kikamilifu, kutafuta majina ya wenzake watatu waliokuwa zamu ile, na kuchapisha meseji za malipo kwenye simu kuonyesha kwamba kweli alikuwa mfanyakazi wa pale. Mkataba wa maandishi hakuwa nao nakala. Ndipo mwajiri akapelekewa taarifa kwa barua, nasi tukabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ule mhuri ulibadilisha kabisa lugha ya ofisini.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilitokea chumba cha daktari. Daktari alimuuliza, "Habari za mkono, ndugu yangu?" Kaka akajibu, "Nzuri tu, daktari. Tunamshukuru Mungu." Nikaiona kalamu ikiandika.

Hakusema uongo. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Usukumani mtu anaweza kuwa na homa ya siku tatu, ukimsalimia anajibu "mhola" kwanza, kisha mengine yatafuata akikaa. Mwanaume ndiyo kabisa, anajikaza. Barabarani hiyo ni adabu nzuri. Kwenye tathmini, "nzuri" ni taarifa ya kitabibu. Nilimwomba daktari ruhusa, nikamwambia kaka, "Mweleze unavyovaa shati." Ndipo yakatoka: kwamba vifungo anafungiwa na shemeji, kwamba ndoo ya lita kumi inamponyoka, kwamba usiku wa baridi vidole ambavyo havipo tena ndivyo vinavyouma. Daktari akageuza ukurasa akaanza kuandika upya. Akampa kamba aifunge, akampima nguvu ya kushika, akalinganisha mikono yote miwili.

Kutaja kazi iliyokushinda kunamsaidia daktari kuliko kulalamika. "Inauma sana" haipimiki. "Nikiandika ubaoni mistari miwili chaki inadondoka" inapimika. Wala usiongeze chumvi: daktari aliyezoea kazi hii anakuangalia tangu unavyofungua mlango, na akikukamata kwenye jambo moja dogo, yale ya kweli nayo yanatiliwa shaka.

Wanajeshi wanalijua suala hili kuliko raia. Kule Marekani askari waliostaafu wanapewa kiwango cha ulemavu kutoka 0 hadi 100, kwa kupanda kumi kumi, na mzigo mkubwa ni kuonyesha kwamba maradhi ya leo yanatokana na utumishi wa jana. Anayestahimili maumivu kimyakimya miaka ishirini anafika mbele ya daktari bila hata cheti kimoja cha zamani. Babu yetu alipigana vita vya Kagera, ile ya 1978 hadi 1979, ambayo ndege ya Libya ilikuja kulenga Mwanza ikaishia kuua swala kisiwani Saanane. Alirudi na goti linalolia kama bawaba. Ukimuuliza kama aliwahi kumwonyesha daktari wa jeshi anacheka: "Wenzangu walirudi kwenye majeneza, mimi nipeleke goti?" Namheshimu kwa jibu hilo. Ila goti lile haliko kwenye jalada lolote duniani.

Kaka alipata chini ya 30, na kwa vidole vyake viwili sioni kama alipunjwa. Mkupuo ulitosha kununua cherehani mbili, ambazo shemeji anaziendesha pale Mkolani. Lakini kama uamuzi umekuja na huridhiki, usiishie kunung'unika kijiweni. Unaomba kwanza Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko aupitie upya uamuzi wake, kisha unaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo Mahakama ya Kazi ipo. Ukienda, beba kitu kipya: vipimo vya karibuni au maoni ya daktari mwingine. Hasira peke yake haiwekwi kwenye jalada.

Na angalia kalenda. Ajali isipofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki ya kudai inapotea. Sisi tulifika mwezi wa tatu. Mwenzake mmoja wa zamu ile, aliyeumia bega mapema kabla ya kaka, alitupigia simu mwezi wa kumi na moja kuuliza fomu zinapatikana wapi. Tulipanda naye daladala asubuhi iliyofuata.