Chama Kikihama na Wenyewe: Kutoka Laini Saba hadi Louisville

Jina la Laini Saba lina harufu ya jeshi. Sisi wa pwani tukisikia neno laini, fikira zetu hukimbilia hariri, au maneno ya mtu mwenye ulimi mtamu. Lakini askari wa Keya alipotaja laini, alikusudia safu za nyumba za kambini. Kijiji hicho ki upande wa mashariki wa Kibera, jijini Nairobi, na reli inayoikata Kibera ni ile ile iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899. Hivi leo Laini Saba ina watu wa kila kabila. Kibera yenyewe, hata hivyo, chanzo chake si kabila wala shamba. Ni watu waliofungwa pamoja na kazi moja, kisha kazi hiyo ikawaacha.

Watu hao ni Wanubi. Wazee wao walikuwa askari wa Kisudani chini ya Emin Pasha, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta upande wa magharibi ya Ziwa Albert akawachukua kumtumikia Mwingereza Uganda. Baadaye wakaingia Keya. Tangu 1904 wakawekwa Kibera na jamaa zao, katika msitu ambao wao wenyewe waliuita kwa lugha yao ya Kinubi, Kibra. Mwaka 1912 eneo lao lilihesabiwa ekari 4,198, na mwaka 1918 likatangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Aliyestaafu alipewa ruhusa ya kukaa. Hati ya kumiliki hakupewa.

Basi fikiri, ewe msomaji, hali ya mzee kama huyo. Bunduki amerudisha, jemadari wake ameshapanda meli kwenda kwao, na nyumbani alikotoka hakurudiki. Kilichomfanya awe ndugu na jirani yake ni kambi, na kambi haipo tena. Je, udugu nao umekwisha?

Swali hili hili, na karibu miaka hiyo hiyo, liliwakabili vijana weusi wa Marekani. Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, wanafunzi sita weusi waliosoma mwaka 1904 hadi 1905 hawakurudi mwaka uliofuata. Upweke, umaskini na kubaguliwa vilikuwa vimewachosha. Waliobaki wakaanza kukutana kusoma na kusaidiana, na tarehe 4 Desemba 1906 saba kati yao wakafunga udugu wakauita Alpha Phi Alpha, kwa herufi za Kiyunani kama walivyofanya wanafunzi wa kizungu waliowafungia milango. Saba, nasema, si mimi niliyetafuta nambari hiyo ilingane na Laini Saba.

Lakini chuo ni kama jeshi, kina siku ya kutoka. Miaka mitatu minne, kijana anavua joho, anakwenda kufundisha au kutibu katika mji ambao hata kahawa hapewi meza moja na mzungu. Mmoja wa wale saba, Eugene Kinckle Jones, alikwenda kuwa mwalimu Louisville, katika jimbo la Kentucky. Ni katika mji huo huo, tarehe 11 Aprili 1911, lilipofunguliwa tawi la kwanza la Alpha kwa ajili ya waliokwisha hitimu, likaitwa Alpha Lambda. Hapo chama kilipita mtihani wake mkubwa. Ndugu wa chuoni huunganishwa na bweni na umri, watake wasitake. Ndugu wa Louisville walikuwa watu wazima wenye kazi na watoto, na hakuna aliyewalazimisha kukaa kikao usiku baada ya kazi. Walikaa kwa hiari yao.

Huku kwetu jambo la tawi tulilijua zamani, ila tuliliita ngoma. Beni ilizuka mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za wazungu kwa magwaride, magwanda na vyeo. Lamu ilikuta mashindano ya mitaa yamekwisha kolea ikayazidishia moto. Mombasa ikawa na Kingi na Scotchi, ambao waliiga hata mavazi ya askari wa Skotlandi. Tanganyika yakaenea makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti, Marini wakijiona ndio waungwana na wenzao wakiwatukana kwa ubara. Kila kundi lilikuwa na mfalme wake, majenerali, makanali na mahakimu. Mtu aliyeitwa boi mchana kutwa, magharibi ikiingia alikuwa Bwana Kanali.

Masheikh wengi hawakuipenda, na sikatai kwamba walikuwa na hoja. Palikuwa na karamu za kukomoana zilizofilisi nyumba, na maneno ya kuvunjiana heshima hadharani. Lakini wenye kuilaumu kwa tarumbeta tu wamesahau upande wa pili. Mwanachama akiugua alitazamwa, akifa alizikwa na wenziwe, na akiingia mji wa ugenini aliuliza tawi la chama chake liko wapi akapata pa kulala. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipowatapanya maaskari na wapagazi wa Kariakoo, beni ilisafiri nao. Ilifika Nairobi, ikashuka Nyasaland, ikaingia hata machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako wachimbaji walipogoma mwaka 1935 tume ya serikali ilikihoji chama cha Mbeni kana kwamba ngoma ndiyo iliyoitisha mgomo. Baada ya vita Waingereza walikuwa wameshaanza kutilia shaka barua zilizokwenda kutoka tawi hadi tawi. Hawakuelewa namna watu wasio na serikali wanavyoweza kuwa na posta ya siri zao.

Mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kizima juu ya beni. Laiti kingeandikwa na mmoja wetu, wakati mabwana kanali wenyewe wakiwa hai.

Tukirudi kwa Wamarekani, ndugu wa chuo hawakubaki na siri zao za kupeana mikono peke yake. Azikiwe wa Nigeria na Nkrumah wa Ghana walikuwa katika udugu mwingine, Phi Beta Sigma, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1914. Na mwana-Alpha mmoja aligusa Kenya yetu moja kwa moja. Ni wakili Thurgood Marshall, aliyekwenda London mwaka 1960 kwenye mkutano wa Lancaster House kuwashauri wajumbe wa Kiafrika, akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba.

Wana-Alpha wana tawi moja lisilo na mji wala karani. Waliita Omega, herufi ya mwisho ya Kiyunani, na ndugu akifariki husemwa kwamba ameingia tawi hilo. Muislamu hatahitaji jina la Kiyunani kwa jambo hilo, kwani maziko ni faradhi ya kutoshelezana, wakiifanya baadhi wengine wameondokewa na dhambi. Lakini fahamu wanachokusudia: aliyekufa hafutwi daftarini.

Kibera, daftari lilikuwa ndilo tatizo lenyewe. Wanubi walizaliwa hapo, wakazika hapo, vizazi kwa vizazi, na vijana wao walipokwenda kuomba kitambulisho wakawa wanahojiwa kama wageni. Hesabu ya watu ya 2009 ndiyo ya kwanza kuwapa nambari ya jamii yao. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ikaamua kwamba Kenya imewavunjia haki watoto wa Kinubi kwa kutowatambua uraia wao tangu kuzaliwa. Na Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hati ya ardhi, kwa jina la jamii nzima wala si la mtu mmoja mmoja. Ekari 288.