STAAR si mtihani wa darasa la saba

Mtoto akifeli STAAR, atarudia darasa? Wazazi huuliza hivyo kila Aprili. STAAR peke yake haimrudishi. Sharti la kufaulu ndipo upande, lililokuwa darasa la tano na la nane, liliondolewa mwaka 2021.

Hofu yetu tumetoka nayo nyumbani. Tuliofanya mtihani wa darasa la saba Tanzania au KCPE Kenya tunakumbuka siku chache zikiamua nani aende sekondari, na ipi. STAAR, iliyoanza 2012, huibana zaidi shule. Darasa la tatu hadi la nane watoto hupimwa kusoma na hesabu kila mwaka, na matokeo yao huingia katika alama ya shule, A hadi F. Shule ikifeli miaka mitano mfululizo, jimbo hulazimika kuifunga au kuweka viongozi wake juu ya wilaya nzima ya shule. Houston yalitokea hayo mwaka 2023, chanzo kikiwa Sekondari ya Wheatley: bodi iliyochaguliwa na wananchi iliwekwa kando. Oktoba 2025 jimbo likatangaza kuichukua Fort Worth pia.

Sekondari ndipo pa kuwa macho, hasa kwa kijana aliyefika Marekani akiwa mkubwa. Kuna mitihani mitano ya kuhitimu: Aljebra ya kwanza, Kiingereza cha kwanza na cha pili, Baiolojia, na Historia ya Marekani. Ukishindwa, unarudia. Ukibakiwa na mmoja au miwili, kamati ya shule inaweza kukuruhusu uhitimu kwa kazi zako nyingine. Mzazi ana nafasi kwenye kamati hiyo, basi aende.

Mkipokea matokeo, msitishwe na neno “Approaches”. Linasikika kama mtoto hajafika, kumbe amefaulu. Aliyefeli huandikiwa “Did Not Meet”, na akiwa darasa la tatu hadi la nane, shule inapaswa kumpa masomo ya ziada ya kusoma au hesabu. Ulizeni ratiba.

Darasa la tatu hadi la tano lina toleo la Kihispania. La Kiswahili halipo. Wanaojifunza Kiingereza hufanya pia TELPAS, inayopima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Nanyi watoto, sheria ya 2025 inaiondoa STAAR ya darasa la tatu hadi la nane. Kuanzia mwaka wa masomo 2027–28 itakuwa mitihani mitatu mifupi: mwanzo, katikati na mwisho wa mwaka.