Bei ya soko, gharama za shamba na dhulma ya lumbesa



Ndugu msomaji, mkulima wa viazi wa Nyololo, wilayani Mufindi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, ana swali la kila msimu: amenunua mbegu na mbolea, amelipa vibarua, mbona bei ya soko haiyajali hayo?

Swali hili ni la kale. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kuwa gharama za kilimo huingia katika bei ya chakula. Waislamu wa Andalusia waliposukumwa pwani kwenye udongo dhaifu, walilazimika kuurutubisha kwa gharama kubwa, na vyakula vikawa ghali. Aidha, alionya kuwa bei ikidumu chini kwa muda mrefu, mkulima na mfanyabiashara huangamia.

Mwaka 1776, Adam Smith wa Scotland alitofautisha bei mbili. Bei ya asili hutosha kulipa ujira wa kazi, faida ya mtaji na pango la ardhi. Bei ya soko hutokana na wingi wa bidhaa iliyoletwa na wingi wa walio tayari kuilipia bei ya asili. Hii ya pili huvutwa daima kuelekea ya kwanza: ikishuka chini ya gharama, baadhi ya wazalishaji hujitoa, bidhaa hupungua, na bei hupanda tena.

Hoja hiyo ina ukweli. Lakini anayejitoa ni nani? Ni mzazi anayedaiwa mahitaji ya shule, na viazi vyake vikishachimbwa havisubiri. Bei hurejea, ila kwa hasara yake.

Je, Uislamu umeamuru bei zipangwe? Anas (R.A.) amepokea kuwa bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie, naye akakataa, akichelea kukutana na Mola wake hali ya kuwa yupo anayemdai dhulma. Lakini Mtume huyo huyo alikataza kuwalaki wenye bidhaa njiani, kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Bei iliachwa huru, hila ikazuiwa.

Hila ya kwetu ni lumbesa. Tuchukue mfano: kilo moja ya viazi imemgharimu mkulima shilingi 500. Akiuza gunia la kilo 100 kwa shilingi 60,000, amepata 600 kwa kilo. Gunia hilo likishonewa kilemba hadi kilo 130, bei ikabaki ile ile, amepata takriban 460. Kwa jina amepata faida. Kwa mizani amekula hasara. Hapo soko halikushusha bei. Kipimo ndicho kilichoibiwa.

Sheria ya Vipimo ya nchi yetu imekataza gunia kuzidi kilo 100, na Suratul Mutaffifin imewatishia adhabu wanaopunja vipimo. Basi wakulima wauze kwa mizani, wauze kwa umoja, na waulize bei za mjini kabla lori halijafika. Nawe mnunuzi, tafuta faida yako katika bei mliyoridhiana, si katika kilemba cha gunia.