Mvua na Mlingoti: Aila Zisafirizo kwa Tanga (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulisema juu ya matanga na nanga, na jinsi mume na mkewe wanavyogawana zamu za usiku watoto wakiwa usingizini. Sasa na tuingie ndani ya chombo chenyewe, katika kile chumba kimoja ambacho ndicho sebule, ndicho jiko, ndicho darasa na ndicho malazi, tuitazame taabu ambayo wasimulizi wa safari aghalabu huiruka kwa kuiona duni: maji ya mvua yanayoteremka kwa mlingoti na kumwagika juu ya meza ya chakula au, lililo baya zaidi, juu ya godoro la mtoto. Taabu hii haizamishi chombo. Walakini aila iliyokusudia kukaa baharini mwaka mzima haiwezi kustahimili matandiko yaliyolowa, vitabu vilivyoota kuvu, na hewa nzito yenye kuwasumbua wenye pumu. Na mama ambaye amekwisha kuyaanika magodoro yale yale juma baada ya juma hahitaji dhoruba ili aseme kuwa safari imemkinai.

Safari za namna hii si jambo la jana. Nahodha Joshua Slocum, ambaye wengi humjua kwa kuizunguka dunia peke yake katika chombo chake Spray kati ya 1895 na 1898, alikuwa hapo kwanza amekwisha kusafiri na aila yake katika hali ngumu kupita hiyo. Maana merikebu yake Aquidneck ilipovunjika katika pwani ya Brazil mwishoni mwa 1887, aliunda kwa mikono yake chombo cha urefu wa futi 35, mkewe Hettie akashona matanga kwa mtindo wa Kichina, na chombo kikashuliwa tarehe 13 Mei 1888, siku ile ile utumwa ulipofutwa nchini humo, kikaitwa Liberdade kwa sababu hiyo. Ndani yake mume, mke na wana wao wawili, Victor na Garfield, walifika Marekani kabla ya mwaka kwisha. Kabla yao, 1876 na 1877, tajiri wa Kiingereza Thomas Brassey na mkewe Anna walikuwa wameizunguka dunia pamoja na watoto wao katika Sunbeam. Lakini hao walikuwa na mabaharia na watumishi tele, na mahali palipovuja palikuwa na mtu wa kuamrishwa apazibe. Aila za leo zinashabihiana na akina Slocum kuliko akina Brassey. Chombo kikivuja, fundi ni baba au mama.

Msomaji wa pwani yetu huenda akashangaa kuona jambo hili likipewa uzito kiasi hiki, kwani jahazi zetu zina milingoti tangu azali na hakuna nahodha aliyelalamika kwamba mlingoti unamvujia. Sababu iko wazi. Mlingoti wa jahazi hukaa chini juu ya mwashiri, ukafungwa kwa kamba kwenye boriti, na ngama iliyouzunguka huwa wazi au imefunikwa kwa makuti na turubai tu. Mvua huingia itakako, nao mabaharia huyafua maji wakati wake, kwa kuwa maji katika banduru ni jambo la desturi. Mwenye mashua ya kisasa ametaka jambo jingine kabisa: ametaka chumba kikavu kilichofungwa pande zote, kisha akakitoboa dari katikati apitishe gogo la kwenda juu mita 14, linalotikisika kila upepo uvumapo. Hapo ndipo ilipo asili ya shida yote.

Na maji yenyewe si haba. Tuchukue mlingoti wa mita 14 wenye upana wa sentimita 15, ambao ubavu wake mmoja ni zaidi kidogo ya mita mbili za mraba. Mvua ikija na upepo ikapiga kwa mshazari kamili, kila milimita ya mvua huuachia ubavu huo lita mbili na ushei, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika si ajabu, huteremsha lita 40 na zaidi, yaani debe mbili na ziada. Maji yote hayo hukusanyika kwenye shina, palepale sitahani, na ikiwa sehemu moja tu katika ishirini imepata njia ya kupenya, chumbani zitaingia lita mbili kabla mvua haijakatika.

Ama njia zenyewe ni mbili, na mtu asiyezitofautisha atapoteza fedha zake na siku zake. Njia ya kwanza ni ya nje: maji huteremka juu ya uso wa mlingoti hadi kwenye tundu la sitaha, yakapita baina ya mlingoti na ukosi uliouzunguka. Njia ya pili ni ya ndani: milingoti ya alumini ni mitupu kama bomba, na kileleni ina makapi ya henza, chini yake ina matundu ya kutokea kamba na nyaya za taa, na yote hayo ni milango ya mvua, ambayo huingia juu na kuteremka ndani kwa ndani mpaka kwenye kitako, isionekane sitahani hata tone. Anayezibaziba ukosi wa sitaha kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, ilhali maji yake ni ya njia ya pili, atazeeka anaziba. Nami nimeona mafundi wenye sifa njema wakikimbilia mkebe wa gundi kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi, tabia ambayo siioni tofauti na ya tabibu anayetoa dawa kabla ya kumshika mgonjwa mkono.

Basi uchunguzi utangulie. Kwanza maji yaonjwe: yakiwa na chumvi, ni wimbi lililopiga sitaha, si mvua. Kisha, siku ya ukavu, uzungushiwe mlingoti karatasi laini chini kidogo ya dari ya chumba, na nyingine karibu na kitako, ifungwe kwa uzi. Baadaye mtu mmoja ashike mpira wa maji juu na mwingine akae chini na taa. Maji yaanze kumwagwa sitahani tu, mbali na mlingoti, kwa muda wa robo saa, kisha kwenye ukosi, kisha juu ya ukosi, na mwisho juu kabisa kadiri mpira unavyofika. Mtu asikaidi utaratibu huu wa kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa ukianza juu kila mahali hulowa kwa pamoja nawe huwezi kujua lipi lilitangulia. Karatasi ya juu ikilowa, aibu ni ya ukosi; karatasi ikikaa kavu ilhali maji yamejaa kwenye kitako, yamepitia ndani. Iko pia hali ya tatu yenye kuhadaa, nayo ni maji yaliyoingia kwenye dirisha au kwenye tundu la skrubu mbali huko, yakatambaa juu ya ubao wa dari, yakapata mlingoti na kuufuata. Ndiyo maana sitaha ikaanza kumwagiwa kwanza.

Tuje kwenye tiba ya njia ya nje. Wazee wa zama za milingoti ya mbao walitumia kola ya turubai iliyopakwa rangi, ncha ya juu imefungwa kwa uzi imara kwenye mlingoti, ncha ya chini imepigiliwa kwenye pete ya mbao sitahani, na walikuwa na akili, maana walielewa kwamba mlingoti lazima ucheze na kwamba kizibo chake hakina budi kucheza pamoja nao. Gundi ngumu iliyomiminwa pembezoni haichezi. Hukatika siku ya kwanza ya upepo wa kusi. Siku hizi mpira ndio ulioshika nafasi ya turubai, na wasafiri wengi wasio na pesa za kuchezea hukata tyubu ya gurudumu la lori, ambayo haina kasoro kwa kazi hii. Kwanza kabari zilizobana mlingoti kwenye tundu zikaguliwe, kwani zikilegea hakuna mpira utakaodumu. Kisha mpira uvishwe kinyume, ndani ukiwa nje na sehemu kubwa ikielekea juu, ukingo wake wa chini ubanwe kwenye mlingoti kwa klipu ya chuma kisichoshika kutu, halafu mpira wote ukunjwe kuteremka kama mtu avuavyo soksi, uifunike ile klipu, na ukingo wa pili ubanwe kwenye ukosi wa sitaha. Hivyo maji hayapati mdomo wa kuingilia.

Yako mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni mfereji ulio nyuma ya mlingoti, ambamo tanga hupanda: klipu hupita juu yake lakini haiuzibi, na maji huteremka humo kana kwamba hakuna kitu kilichofungwa, sharti ujazwe butili, ile gundi laini isiyokauka, mahali pale mpira unapobana. La pili ni jua. Mpira wa tyubu ukiachwa wazi katika nchi za joto hupasuka mapema, hivyo uvalishwe kitambaa kizito juu yake, na kila mwaka kitambaa kifunuliwe mpira ukaguliwe.

Njia ya ndani haizibiki yote, wala haifai kujaribiwa, kwa kuwa henza lazima ipite. Linalowezekana ni kuyapa maji njia ya kutokea. Ikiwa kitako kiko chini juu ya mkuku, kiwe na tundu la kutolea maji hadi kwenye banduru, na tundu hilo lisizibwe na takataka, kwani maji yaliyosimama humo hula alumini, hasa pale inapogusana na chuma, mpaka vumbi jeupe linatokea. Baadhi ya watengeneza milingoti huweka kizuizi ndani, juu kidogo ya sitaha, na kitundu kidogo cha mviringo cha kumwaga maji nje kabla hayajafika chumbani. Ni busara kubwa, ila mwenye chombo asijitobolee mwenyewe pasipo shauri la mtengenezaji, kwani hapo karibu na sitaha ndipo mlingoti hubeba mzigo mzito. Nyaya nazo, zitokapo mlingotini, zipigwe kitanzi cha kuning'inia chini kabla ya kwenda kwenye taa, ili maji yadondoke kwenye kitanzi yasiufuate waya hadi kwenye swichi.

Milingoti isimamayo juu ya sitaha yenyewe haitoboi dari kwa upana huo, na wenye nayo hujiona wamesalimika. Sivyo. Tundu dogo la waya huingiza maji kwenye moyo wa sitaha, ambao katika vyombo vingi vya faibaglasi ni plaiwudi au mbao nyepesi za balsa, na moyo huo ukioza mlingoti huanza kudidimia. Sitaha igongwe kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima pana mlio mkavu, palipooza mlio ni mfu. Kila tundu lipanuliwe, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya ndani ya epoksi hiyo.

Hapa niongeze neno ambalo wasiokulia pwani huliona la ajabu: kwa mbao, maji ya mvua ni adui mbaya kuliko ya bahari. Kuvu wanaoozesha mti hawastawi katika chumvi, na kwa hiyo waunda merikebu wa Marekani katika karne ya 19 walikuwa wakijaza chumvi baina ya mataruma. Aila inayoyakinga maji ya mvua kwa tanga ili kujaza tangi ina haki ya kuyashukuru. Hayo hayo yakilala chini ya sakafu, ni uharibifu.

Wenye vyombo waliotia nanga Kilifi, Tanga na kwingineko kwetu nawasihi wafanye kazi hii mwezi wa Februari, kabla ya masika, kwa kuwa butili na epoksi hazishiki palipolowa. Katika sehemu ya nne tutaeleza vyuma vinavyoshika baraji za mlingoti pale vinapoitoboa sitaha, ambavyo huvuja kwa siri zaidi na vikikatika huangusha mlingoti mzima.