Philip Omondi na Mpira wa Nakivubo

Likizo iliyopita nilikwenda Kampala kumwamkia mjomba wangu. Siku moja, tulipokuwa tukitoka katika soko la Owino, alisimama mbele ya uwanja wa Nakivubo. Uwanja huo ulianza mwaka 1926, na baadaye ukafanywa ukumbusho wa askari waliokufa vitani. Mwaka 2017 ulibomolewa, na sasa umejengwa upya. Mjomba aliutazama kwa kitambo, akasema, "Hapa ndipo nilipomwona Omondi." Mimi sikumjua. Nadhani wengi wetu hatumjui, basi naomba nafasi nimweleze.

Philip Omondi alizaliwa mwaka 1957, akawa mshambuliaji wa KCC, timu ya Halmashauri ya Jiji la Kampala. Mwezi wa Machi 1978 alikwenda Ghana na timu ya Uganda kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Uganda iliifunga Kongo-Brazzaville 3–1, ikafungwa na Tunisia 3–1, kisha ikaifunga Morocco 3–0. Katika nusu fainali iliitoa Nigeria kwa 2–1, na bao moja lilikuwa la Omondi. Tarehe 18 Machi, mjini Accra, wenyeji walitushinda 2–0, mabao yote mawili ya Opoku Afriyie. Hata hivyo Omondi alirudi nyumbani na mabao 3, sawa na Afriyie na Segun Odegbami, yule winga mashuhuri wa Nigeria. Hakuna aliyewapita. Mwaka ule ule KCC ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati.

Lakini mwisho wa mwaka huo vita vilianza kati ya Uganda na Tanzania, na mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ikaanguka. Omondi alicheza pia Sharjah, katika nchi za Ghuba. Uganda haikuonekana tena katika fainali za kombe lile mpaka mwaka 2017, yaani baada ya miaka 39. Omondi hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alifariki mwaka 1999.

Habari hii imenigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi ni winga wa kushoto wa shule yetu, na klabu moja imeniita nikajaribiwe katika juma lile lile la mtihani wa mwisho. Nilimwuliza mjomba shauri. Alijibu, "Mwanangu, nafasi ya mpira ni fupi. Wale wa 1978 waliipata mara moja tu." Nikadhani ananiambia niende. Kisha akaongeza, "Na ilipokwisha, kila mmoja alibaki na alichokuwa nacho."

Nimefikiri sana. Nimewaandikia wenye klabu wanisubiri juma moja. Wakikataa, nitaingia katika chumba cha mtihani, ingawa moyo utaniuma.

Kama wewe, msomaji, utafika Kampala, nenda Lugogo. Uwanja wa KCC ya zamani, ambayo sasa ni KCCA, unaitwa kwa jina la Omondi. Wazee walisema: mcheza kwao hutunzwa. Nasi tulio hai tuwatunze mapema, kabla majina yao hayajawa ya viwanja tu.