Gesi ya kiyoyozi haiishi: Mwenye duka analipia nini?

MWENYE duka la dawa katika miji ya joto kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hanunui kiyoyozi kwa ajili ya starehe. Maboksi mengi ya dawa yameandikwa yahifadhiwe chini ya nyuzi 30 za Sentigredi, na mengine chini ya nyuzi 25. Mtambo ukishindwa kazi mwezi Februari, kinachokuwa hatarini ni mtaji uliopangwa rafuni.

Hata hivyo, kwa wafanyabiashara wengi matunzo ya kiyoyozi huanza na kuishia kwenye kauli moja ya fundi: "Gesi imekwisha." Fundi anaongeza gesi, analipwa, ubaridi unarudi, na baada ya miezi mitatu au minne anaitwa tena. Mwisho wa mwaka fedha hizo huandikwa kwenye daftari chini ya "matengenezo", na hakuna anayehoji kwa nini mtambo uleule utibiwe mara tatu kwa ugonjwa uleule.

Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: inachukua joto la chumbani, inasukumwa na kompresa hadi kwenye boksi la nje, inalitupa joto huko na kurudi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Ndiyo maana mashine nyingi za ukutani, zikiwa na vali ya kugeuza mzunguko, huweza pia kupasha chumba joto, jambo lenye manufaa katika maeneo ya baridi kama Njombe au Arusha. Wazungu huita mashine hiyo pampu ya joto, na matunzo yake ni yale yale.

Kwa hiyo kama gesi imepungua, kuna mahali inavuja. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Anza na chujio

Kabla ya kumwita fundi, mwenye duka anaweza kufanya uchunguzi wa awali yeye mwenyewe bila kugharamia chochote. Kwanza ni chujio la hewa lililo nyuma ya kifuniko cha mashine ya ndani. Katika duka linalotazama barabara ya vumbi, chujio lioshwe kwa maji kila baada ya wiki mbili na likaushwe kivulini. Chujio lililoziba huzuia hewa, mabomba ya ndani huganda barafu, na dalili zake hufanana sana na zile za gesi kupungua. Hapo ndipo wengi hulipia gesi wasiyoihitaji.

Pili ni kipimajoto. Mashine ikiwa imefanya kazi kwa dakika 15, pima hewa inayoingia juu na ile inayotoka chini. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili ya afya. Ikiwa chini ya hapo, kuna kasoro.

Tatu ni mabomba mawili ya shaba yanayoungana na boksi la nje. Mashine nzima huyafanya yote mawili kuwa baridi na yenye jasho. Bomba jembamba likiganda barafu huku lile nene likiwa kavu na vuguvugu, gesi imepungua kweli. Lakini kwanza osha chujio, washa feni peke yake hadi barafu yote iyeyuke, kisha jaribu tena. Barafu ikirudi chujio likiwa safi, sasa fundi aitwe.

Maji yakidondoka ukutani, mara nyingi tatizo ni bomba la kutolea maji lililoziba kwa utelezi na uchafu. Hilo halihusiani na upungufu wa gesi, isipokuwa kama maji hayo yanatokana na barafu inayoyeyuka.

Feni ya ndani ikipuliza hewa ya kawaida huku kompresa ya nje ikinguruma kidogo na kuzima, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya kompresa. Mwenye duka asikiguse mwenyewe, kwani kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Kwa mashine za inveta, namba au mmemeto wa taa kwenye kioo ziandikwe kabla ya kuzima umeme, kwa sababu ndizo zitakazomwelekeza fundi.

Umeme wenyewe pia ni adui. Volti zikishuka sana chini ya 230 za kawaida, kompresa huvuta mkondo mkubwa na kuungua. Kifaa cha kulinda umeme, kinachochelewesha mashine kuwaka kwa dakika tatu hadi tano baada ya umeme kurudi, ni bima ya bei nafuu.

Hesabu ya uniti

Hasara haiko kwa fundi peke yake. Mashine ya BTU 12,000 ya aina ya zamani huvuta takriban kilowati 1.2. Ikikimbia saa 10 kwa siku bila kupumzika, kwa siku 26 za kazi, inakula uniti 312. Mashine safi iliyofikia ubaridi uliopangwa kompresa yake hupumzika. Ikifanya kazi theluthi mbili tu ya muda huo, matumizi ni uniti 208. Tofauti ni uniti 104 kwa mwezi. Mwenye duka azidishe kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yake ya umeme, naye ataona thamani ya chujio safi.

Boksi la nje nalo lioshwe. Karibu na bahari, chumvi hula mapezi ya alumini na maungio ya mabomba, na maisha ya mashine hupungua.

Soko la gesi linabadilika

Wanaotaka kununua mashine kuukuu wasome kwanza kibati cha aina ya gesi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza kundi la gesi lenye R-22 kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Ifikapo 2030 kinachobaki ni kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Mashine ya R-22 inayouzwa kwa bei ya kutupa ina sababu ya kuwa hivyo.

R-410A nayo iliingizwa kwenye ratiba ya kupunguzwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. Mashine nyingi mpya hutumia R-32, ambayo inaweza kushika moto kwa kiasi, hivyo fundi awe ameizoea. Gesi hizi hazibadilishani. Shinikizo la R-410A ni kubwa kuliko la R-22 kwa takriban asilimia 60, na mafuta ya kompresa ni tofauti.

Masharti ya malipo

Mfanyabiashara anayejali mtaji wake humwekea fundi masharti manne kabla ya kutoa fedha. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni kwenye maungio, ambako alama ya mafuta mara nyingi huonyesha tundu lilipo. Tundu lizibwe. Hewa na unyevu vinyonywe kwa pampu kabla ya gesi kuingizwa. Gesi ipimwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibati, si kwa kukisia.

Kazi ya namna hiyo itagharimu zaidi siku ya kwanza. Lakini inaandikwa kwenye daftari mara moja, wakati "gesi imekwisha" huandikwa kila msimu.