Saa 75 na Lebo ya Unga

Mzazi aliyehamia Maryland karibuni hushtuka siku mwanawe anapomletea fomu ya saa za huduma. Huku mtoto hamalizi sekondari ya umma mpaka atimize saa 75 za kuitumikia jamii, au mpango wa kaunti yake ulioidhinishwa badala ya saa hizo. Bodi ya elimu ya jimbo ilipitisha sharti hilo mwaka 1992, Maryland ikawa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo, na wahitimu wa 1997 ndio walioanza nalo.

Sisi tuliosoma Tanzania enzi za Elimu ya Kujitegemea tunadhani jambo hili tunalijua. Tulilima shamba la shule, tukachota maji, tukafyeka. Ila mwalimu ndiye aliyekuonyesha tuta lako. Hapa kazi ina hatua tatu: maandalizi, vitendo na tafakari. Ya kwanza ndiyo nzito, maana mwanafunzi hutakiwa achunguze watu wanahitaji nini kabla hajagusa kitu. Baadhi ya saa hupatikana darasani, ndani ya somo lenyewe. Kenya nayo imeliweka somo la huduma kwa jamii kuwa la lazima sekondari ya juu, chini ya mtaala wa umilisi.

Namjua binti mmoja wa darasa la kumi aliyekuwa akipanga makopo Jumamosi penye ugawaji wa chakula. Akaona akina mama wa Kongo na Burundi wakichukua pakiti nyeupe, na wiki inayofuata wakizirudisha bila kusema neno. Ilikuwa wanga wa mahindi, ule wa kuutia mchuzi uzito. Ukisongea ugali unapata gundi.

Akaamua kuandika lebo za Kiswahili, ili unga wa ugali ujulikane mbali na wanga. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Bibi yake, mtu wa Tanga, alisema andika "sembe". Mama wa Lubumbashi akasema kwao ni bunga, wa kupikia bukari. Wa Bukavu akasema bugali. Binti alizunguka na daftari Jumamosi tatu, akiuliza kila mmoja anaitaje chakula chake, na mwisho lebo ikabeba majina yote, na picha ya sufuria na mwiko.

Ndugu wazazi, najua mmechoka, na tarehe ya mwisho ya fomu haingoji. Lakini tukimtafutia mtoto kazi, tukampeleka, tukamfuata, tumemnyang'anya ile hatua ya kwanza. Tumwulize tu: wiki hii umeona nani anahangaika, na umemwuliza anataka nini?

Kwenye ukurasa wake wa tafakari, binti yule hakuandika habari za lebo. Aliandika juu ya wale mama waliorudisha pakiti kimya kimya, na kwamba mmoja wao alimwambia aliona haya kuuliza kitu cha bure kinapikwaje.